Shule Ikibomoka, Wenyewe ni Nani?

Nilianza darasa la kwanza Januari 1998, msimu ambao mvua iligoma kukata. Wakubwa waliiita Elinino, na sisi watoto tulidhani ni jina la mtu, mtu mbaya anayekaa huko juu msituni na kuachia maji usiku. Usiku mmoja ukingo wa nyuma ya shule yetu ulishuka. Tulipofika asubuhi, madarasa mawili hayakuwa na ukuta wa nyuma. Palikuwa na udongo mwekundu, migomba iliyolala, na dawati moja limesimama juu ya kifusi kana kwamba kuna mtu kalipandisha pale kwa mzaha. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa ilikuwa usiku.

Jumapili tangazo likasomwa kanisani, kwa Walutheri na kwa Wakatoliki, maneno yaleyale: msaragambo, Jumamosi, kila kaya mtu mmoja. Kwa asiyeujua mlima wetu, msaragambo ni kazi ya wote isiyo na malipo, na asiyekwenda anajulikana. Sisi watoto tuliagizwa kila mmoja aje na jiwe kutoka korongoni, la ukubwa wa uwezo wake. Langu lilikuwa dogo mpaka mwalimu akacheka, lakini alilipokea na kuliweka kwenye lundo. Akina mama walibeba mchanga kwa ndoo. Wanaume walikata ukingo na kunyoosha kwa nyundo mabati yaliyokunjika. Babu yangu alitoa mti wake mmoja wa grevilea upasuliwe mbao za kenchi. Jumamosi tatu au nne, tukarudi darasani. Sikumbuki kusikia mtu akiuliza serikali iko wapi.

Masika ya 2024 nilikaa kwenye mkutano wa kijiji, upande mwingine wa mlima huuhuu wa Moshi, kwenye shule iliyopatwa na jambo lilelile: ukingo umeshuka, umechukua vyoo na kupasua darasa. Mwaka ule mvua zilitisha nchi nzima. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa watu 155 wamekwisha kufariki na zaidi ya kaya 51,000 zimeathirika. Miezi michache kabla, Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilikuwa limefunika sehemu za Katesh. Kwa hiyo watu walikuja mkutanoni na hofu ya kweli. Lakini saa mbili za kwanza hazikuzungumzia udongo wala watoto. Zilizungumzia neno moja. Baba mmoja, wa umri wangu hivi, alisimama akasema: "Jamani, shule ni ya serikali. Sisi tukianza kubeba mawe, tutaambiwa tumechangisha." Wengi wakaitikia kwa kichwa. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akamjibu bila kusimama: "Ya serikali tangu lini? Mimi nimebeba tofali la hapo."

Mimi naamini wote wawili walikuwa sahihi. Kati ya jiwe langu la 1998 na mkutano ule kuna historia ambayo Moshi tunapenda kuisimulia nusu. Ile nusu ya kujisifu.

Tuanzie mbali kidogo, kwenye mifongo. Kabla ya mzungu kufika, Wachagga walikuwa wameshachora mlima mzima kwa mifereji iliyotoa maji kwenye makorongo na kuyapeleka vihambani, mingine ikitembea kilomita kadhaa ikishikilia kingo za genge. Mfongo haudumu. Mvua kubwa moja inavunja banio, inajaza tope, inabomoa kingo. Ndiyo maana kila mfongo ulikuwa na watu wake wanaojulikana, na kanuni yake haikuandikwa popote ila kila mtu aliijua: ukinywa maji ya mfongo, siku ukibomoka unatoka na jembe. Usipotoka unatozwa faini, na mara nyingi faini yenyewe ilikuwa pombe, wanaofanya kazi wainywe. Maafa hayakuwa jambo la ghafla linalosubiri mkombozi. Yalikuwa kwenye kalenda, pamoja na masika.

Shule ilipokuja ilipandikizwa kwenye tabia hiyo. Wamisionari wa CMS walifika kwa Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1885, Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaanza Kilema kuanzia 1890, Walutheri wa Leipzig wakaingia 1893. Misheni kubwa zilijengwa kwa mawe na bado zimesimama. Lakini shule ambazo wengi walisomea hazikuwa hizo. Zilikuwa vibanda vya miti na majani vilivyosambaa migombani, na mwalimu wake alikuwa kijana aliyejua kusoma kidogo kuliko wote. Kibanda kama kile, upepo mmoja unatosha. Kinaanguka, kinasimamishwa, kinaanguka tena.

Kuna kipindi kimoja ambacho kinanivutia kuliko vyote, na hakitajwi sana. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani. Kufikia 1920 walikuwa wameondolewa. Kwa miaka kadhaa Walutheri wa Kilimanjaro wakabaki na shule zisizo na mzungu wa kuzisimamia. Walimu Waafrika, baadhi yao waliofundishwa Marangu, waliendelea kufundisha. Wamarekani walikuja kusaidia, Wajerumani wakarudi katikati ya miaka ya 1920, lakini jambo lilikuwa limeshaonekana: mwenye shule ameondoka na shule imebaki.

Halafu ikaja kahawa, na kahawa ndiyo iliyobadilisha majani kuwa bati. Mwaka 1925 wakulima wakaunda KNPA, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Bei ilipopanda baada ya Vita ya Pili, mlima ulikuwa na pesa ambazo mikoa mingi haikuwahi kuziona, na sehemu ya pesa hizo ilikwenda kwenye elimu kupitia chama cha ushirika na halmashauri ya Wachagga ya enzi za Mangi Mkuu Thomas Marealle. Mkulima alikatwa ushuru kwenye kilo zake, hakuulizwa kila siku. Naona hii ndiyo tofauti kubwa ambayo wazee wanaosifia msaragambo huisahau. Msaragambo ulitoa mikono. Saruji ilitoka kwenye kahawa. Mikono bila saruji ni wimbo tu.

Mwaka 1969 Sheria ya Elimu ikaweka shule za madhehebu mikononi mwa serikali. Kwa Moshi hili lilikuwa jambo zito, na hadi leo ukikaa na wazee Kibosho au Machame utasikia lawama. Nami nilikua nikiamini tuliporwa. Siku hizi siamini hivyo moja kwa moja. Taifa lililoachiwa shule nyingi kwenye milima miwili mitatu yenye kahawa na misheni, na karibu kutupu kwingineko, lilikuwa na haki ya kuuliza swali. Mtoto wa Kiislamu aliyeambiwa abadili dini ndipo asome alikuwa na haki ya kuuliza. Hata hapa Moshi penyewe, shuka uwandani, kule Mabogini na Kahe ambako mafuriko ni mgeni wa kila masika, uone kama shule zilikuwa zimeenea kama kule juu. Wale hawakuwa na kahawa.

Lakini sheria ilichukua majengo na kuacha jambo moja hewani: paa likiezuliwa, nani anatoka na jembe? Miaka saba baadaye, 1976, vyama vya ushirika navyo vikavunjwa, na mfuko uliokuwa ukilipa saruji ukaondoka. Vilirudishwa miaka ya 1980, lakini bei ya kahawa na imani ya wakulima havikurudi vilevile. Basi mlima ukafanya kile unachojua. Nafasi za kidato cha kwanza serikalini zilipogawanywa kwa mikoa, wazazi na makanisa wakajenga sekondari zao wenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka Joel Samoff, msomi Mmarekani aliyeichunguza siasa ya Moshi tangu miaka ya 1960, akaandika kuhusu upanuzi ule kama shinikizo la wananchi ambalo sera ya taifa haikuweza kulizuia. Shule za msingi nazo zikaendelea kuwa za serikali kwenye karatasi na za kijiji kwenye mgongo. Jiwe langu la 1998 lilikuwa la zama hizo.

Sasa inabidi nihame mlima kidogo, niende Bukoba, kwa sababu swali la mkutano wetu lilijibiwa kule kwanza, na kwa sauti kubwa.

Bukoba na Moshi ni kama ndugu wawili wa baba mmoja: ndizi, kahawa, misheni, na majivuno ya shule. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la kipimo cha 5.9 liliutikisa Mkoa wa Kagera. Watu 17 walitajwa kufariki na mamia wakajeruhiwa. Nyumba nyingi za matofali yaliyounganishwa kwa udongo zilikwenda chini. Na sekondari mbili zenye jina, Ihungo na Nyakato, ziliharibika kiasi cha kufungwa, wanafunzi wakatawanywa shule nyingine. Ihungo ni ya wamisionari wa Kikatoliki kwa asili, juu ya kilima chake. Nyakato ni ya serikali tangu enzi za Mwingereza. Tetemeko halikuuliza nani aliitaifisha ipi.

Sikuwepo Bukoba. Nilikuwa mwandishi mchanga Moshi, na kazi yangu ilikuwa kupiga picha za watu wakikabidhi hundi zile kubwa za karatasi, ambazo kila mtu anazishika kwa mikono miwili na hakuna benki inayozipokea. Watu walitoa kwa moyo. Wakenya walitoa, Waganda walitoa. Kisha yakaibuka madai kwamba huko Kagera kuna akaunti imefunguliwa kwa jina linalofanana na la kamati ya maafa, na watendaji wakaondolewa kazini. Nakumbuka mama mmoja wa sokoni aliyekuwa ametoa mablanketi akaniuliza, "Mwanangu, wewe wa magazeti, yangu yalifika?" Sikuwa na jibu.

Januari 2017 Rais John Magufuli alikwenda Kagera na kusema wazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba; kilichokusanywa kitaelekezwa kwenye taasisi za umma, yaani shule, zahanati, barabara. Kila mwenye nyumba ajijengee. Maneno yalizua hasira kubwa, na mimi nilikuwa kati ya wenye hasira. Mtu amelala chini ya turubai, unamwambia mablanketi ni yake ila mabati ni ya shule?

Ihungo ilijengwa upya, kwa fedha za serikali na msaada wa Uingereza, na ilisimama imara kuliko ile ya kale. Miaka imepita, hasira yangu imepoa nusu. Nusu iliyopoa ni hii: nyumba ya mtu ina mwenyewe, hata akiwa maskini, naye ataanza na chumba kimoja. Shule isiyo na mwenyewe anayejulikana ikiachwa mwaka mmoja, inakuwa gofu. Ukilazimika kuchagua mahali pa kuweka mfuko mmoja wa saruji, shule ina hoja. Nusu ambayo haijapoa ni kwamba waliochanga hawakuulizwa. Mtu aliyetoa bati kwa ajili ya bibi aliyepoteza paa ana haki ya kujua bati limekwenda kwingine, na kwa nini, kabla halijakwenda. Kwenye mfongo hilo lisingewezekana. Kila mtu anaona maji yanakoelekea.

Na kuna jambo lililotokea mwaka huohuo wa 2016 ambalo Bukoba lilifichwa na tetemeko. Januari ile elimumsingi bila malipo ilikuwa imeanza. Ada na michango ya lazima iliondolewa, watoto wakafurika darasani, na ni jambo jema. Mimi nina binamu zangu wawili waliosoma kwa sababu hiyo. Miaka miwili baadaye, Januari 2018, Rais akapiga marufuku michango yote katika shule za umma baada ya malalamiko kwamba watoto wanarudishwa nyumbani. Ufafanuzi ulitolewa baadaye kwamba mwenye hiari anaweza kutoa, mradi utaratibu wa halmashauri ufuatwe. Ila ufafanuzi haukimbii kama katazo. Mwalimu mkuu ambaye jana aliitisha msaragambo leo anaogopa hata kutamka neno "mchango." Baba yule wa mkutanoni hakuwa mvivu. Alikuwa msomaji mzuri wa magazeti.

Mtu atasema: basi serikali ijenge, si imeshaonyesha inaweza? Kweli inaweza. Mwishoni mwa 2021, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache tu. Lakini ule ulikuwa mpango wenye fungu na ramani moja ya nchi nzima. Ukingo ulioshuka nyuma ya shule moja hauna fungu. Una barua, na barua inapanda ngazi kwa ngazi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji, ni hatua, ila kamati si saruji.

Nisije nikaeleweka kwamba nalilia zamani. Nilirudi shuleni kwetu mwaka jana na fundi, rafiki yangu, nikamwonyesha kwa fahari ukuta wetu wa 1998. Akaugonga kwa kidole, akaupima kwa jicho, akaniambia, "Huu unasimama kwa maombi." Hauna nguzo wala mkanda wa zege wa kuufunga juu, ni mawe yetu ya korongoni na udongo, na saruji imepakwa usoni. Tulijenga palepale, chini ya ukingo uleule, kwa sababu hatukuwa na mhandisi wa kutuambia tuhame. Ni bahati tu imetulinda. Bukoba ilikuwa imejaa kuta za aina hiyo siku ya tetemeko. Wazee wanaposema siku hizi watu hawana umoja, nawaheshimu, lakini umoja haujui kukokotoa uzito wa udongo uliolowa.

Turudi mkutanoni. Mhandisi alikuja wiki ya pili, dada kijana mwenye buti za mvua, na alisema jambo ambalo hakuna upande uliolitegemea: hapa pasijengwe tena. Mteremko bado unatembea. Darasa jipya lisogee mita 30 mbele, kwenye tambarare. Halmashauri, akasema, inaweza kuleta bati, nondo na fundi kama wananchi watainua boma. Watu wakapumua. Hatimaye kuna mgawanyo unaoeleweka: mawe na mchanga wetu, paa na nondo lao, kila kitu kiandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Kisha mtu akauliza hizo mita 30 mbele ni za nani.

Ni kihamba. Na kwa Mchagga kihamba si kiwanja. Ndimo migomba, kahawa, ng'ombe na makaburi vilimo. Mwenyewe ni mjane mzee, watoto wake wako Dar es Salaam na Arusha, na mume wake amezikwa hatua chache kutoka pale mhandisi alipochomeka kijiti. Ukumbi ulinyamaza. Mambo ya serikali na michango, ambayo yalikuwa yametuchosha wiki mbili, yakaonekana madogo. Mwalimu mstaafu alikwenda kukaa karibu naye. "Shikamoo mama," akasema, ingawa sidhani amemzidi kwa miaka zaidi ya mitano. Yule mama akaitikia marahaba, halafu akauliza swali moja tu: ile ardhi ya shule ya sasa, kule chini ya ukingo, ilitolewa na nani?

Walianza kubishana. Mmoja akasema ni Mangi, mwingine akasema ni misheni. Mwalimu mstaafu akasema ni ukoo wa mume wake, mama, babu yake na marehemu ndiye aliyekata kipande, na hakulipwa kitu ila aliomba watoto wa ukoo wasidaiwe ada.

"Na walidaiwa," yule mama akasema. Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Hakujibu siku ile. Aliomba apige simu kwa watoto wake. Mazungumzo yalichukua mwezi mzima, na sitayasimulia yote hapa. Yalihusu fidia, hati, kipande cha zamani cha shule kurudi kwa ukoo kipandwe miti ya kushika udongo, na njia ya kwenda kaburini isifungwe na uzio. Nilipopita tena, madarasa yaliyosalia yalikuwa yanasoma kwa zamu, nusu asubuhi na nusu mchana. Boma lilikuwa halijaanza. Lakini pembezoni mwa tambarare, kutoka kwenye kijiti cha mhandisi hadi karibu na kaburi, masale yalikuwa yamepandwa kwa mstari kuonyesha mpaka mpya, bado mafupi, yamezungushiwa miiba mbuzi wasiyale. Pembeni yake kulikuwa na lundo dogo la mawe ya korongoni, na watoto wawili waliovaa sare wakija na mengine.